Kifurushi cha Kwandu

Muuguzi wetu kijana, ambaye huniita mayu, yaani mama, ameniletea daftari jipya na kalamu mbili. Amesema, "Mayu Holo, andika ulivyofanya kazi, hawa wahudumu wapya wasome." Nikamwambia mimi niliishia darasa la saba, na mwandiko wangu ni kama kuku kapita kwenye majivu. Akasema andika hivyohivyo. Basi naandika. Mambo ya mshahara siandiki, wala nani alipandishwa cheo na nani aliachwa. Nitaandika habari za vifurushi vya kujifungulia, maana hiyo ndiyo kazi niliyoijua. Nitaandika pia habari ya mtoto mmoja aliyekufa kwa sababu ya ulimi wangu. Nawaambia mapema msije mkasoma mkidhani ni mambo ya kuchekesha.

Nilianza kazi ya usafi hapa zahanati wakati Bariadi bado haijawa makao ya mkoa na dawa zinatoka Shinyanga. Zahanati ilikuwa vyumba viwili na stoo, huku upande wa Itilima, na benchi moja refu nje ambalo mpaka leo lipo. Siku ya kwanza nilikuja na viatu vipya. Mkunga aliyekuwapo alikuwa anaitwa Mama Yustina, mtu wa Lalago, mfupi, hana maneno mengi. Akaniangalia viatu.

"Unaogopa damu?"

"Siogopi."

"Utaogopa. Vua hivyo viatu, shika ndoo."

Mchana ule nilimwaga kondo shimoni na nikatapika pembeni ya shimo. Mama Yustina aliniona. Alinisubiri nimalize, akanipa ndoo nyingine. Hivyo ndivyo alivyonifundisha kila kitu. Kuchemsha vyombo, kupima maji ya dawa ya kusafishia kitanda, kusugua chini ya kitanda ambako hakuna mkubwa anayechungulia. Alikuwa anasema mkubwa hachungulii lakini mdudu anachungulia.

Sasa vifurushi. Ninyi mmekuta kuna karatasi ukutani imechapwa: glovu, mpira wa kuzalia, wembe mpya, uzi, pamba, doti mbili za kanga, beseni, ndoo. Karatasi ni nzuri. Lakini mwanamke anayekuja kliniki hapa kwetu, mwingine nyumbani hana hata sabuni ya kufulia. Ukimsomea karatasi yote kwa mara moja anaitikia "ndiyo mayu, ndiyo mayu", halafu anaenda nyumbani anakaa. Hajadharau. Ameona mlima tu, akakaa chini.

Mama Yustina alikuwa hasomi karatasi. Alikuwa anauliza, "Nyumbani una nini?" Kila mtu ana kitu. Kanga iliyochakaa ni bora kuliko mpya, maana ni laini na inanyonya. Ifue, ichemshe, ianike juani, ipige pasi ya mkaa mbele na nyuma, ikunje, iweke kwenye mfuko usiopitisha vumbi, ifunge. Usiifungue tena kumwonyesha jirani. Shati la mume lililoisha kola linatoa nepi nne. Mikono ya sweta kuukuu inatoa soksi, na kipande kinachobaki ni kofia ya mtoto. Wembe na uzi vinunuliwe kwanza, tumbo halijaonekana bado, maana ni vidogo na havigombaniwi. Wiki hii kitu kimoja, mwezi ujao kingine. Kifurushi cha maskini kinaanza mapema, cha tajiri kinanunuliwa siku moja.

Pamba ndiyo inayoniudhi mpaka leo. Sisi ni watu wa pamba. Tunailima, tunaipalilia, tunaivuna mpaka kucha zinapasuka. Lakini ya shambani ina mafuta yake, hainyonyi damu, inaelea tu. Mwanamke aliyevuna magunia inabidi aende dukani kununua pamba ya kujifungulia. Wengi walikuwa wananiletea ya nyumbani, wameichambua mbegu vizuri, nyeupe kabisa. Nilikuwa nawarudishia. Kanga ya zamani iliyochemshwa inatosha kuliko hiyo.

Kuna bibi wengine hawataki nguo za mtoto ziandaliwe kabla hajaonekana. Wanasema humshonei mtu ambaye hujamsikia akilia. Msibishane nao. Mama Yustina alikuwa anawaambia, "Hii si nguo ya mtoto, ni kitambaa cha mama kujifutia jasho." Bibi anaridhika, kitambaa kinaingia.

Na alikuwa na desturi moja ambayo mimi niliidharau. Kifurushi alikikagua ndani, nyuma ya pazia, akiwa na mwenye kifurushi peke yake. Foleni iwe ndefu namna gani, mmoja mmoja. Nilimwambia tunapoteza muda, tuwakagulie hapo benchini. Akasema, "Kifurushi cha mwanamke ni kama nguo yake ya ndani. Utaifungua mbele za watu?" Moyoni nikasema huyu mzee anapenda kujipa kazi.

Alipostaafu akarudi kwao Lalago. Wiki ileile nikavitoa vifurushi nje kwenye benchi.

Nilikuwa nafungua kimoja baada ya kingine mbele ya wote. Nashika kitu juu, nauliza, "Hii nini?" Aliyekamilisha nilimsifu, aliyepungukiwa nilimsema. Wanawake walicheka, na mimi niliwachekesha. Nilikuwa naona inafanya kazi. Vifurushi vilikamilika kweli, watu waliogopa benchi lile kuliko walivyoogopa uchungu. Hata wakubwa kutoka wilayani walikuja wakasema zahanati hii wanawake wake wamejiandaa. Mimi nikavimba kichwa.

Kwandu alikuwa na mimba ya kwanza. Binti mrefu, mkimya, ameolewa kwenye boma la wafugaji ambao ng'ombe zao ziliisha kwenye ukame. Mumewe alikuwa ameenda Meatu kuchunga ng'ombe za watu. Nyumbani alibaki na mama mkwe wake, Mayu Ngolo, na walikuwa wanapendana wale wawili, jambo ambalo si la kawaida. Kliniki walikuwa wanakuja pamoja kwa miguu, mama mkwe mbele na kifimbo, binti nyuma.

Mimba ilipofika mwezi wa nane Kwandu akafungua kifurushi chake benchini. Kulikuwa na wembe, uzi, glovu, kipande cha nailoni badala ya mpira, kanga moja iliyochanika, imechemshwa vizuri. Kisha nusu ya kibuyu kikubwa, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, cha kumwogeshea mtoto. Na chini kabisa ngozi ya mbuzi, ile ya kubebea mtoto mgongoni kama walivyobeba wazee wetu. Mama mkwe alikuwa ameilainisha kwa samli siku nyingi. Ilikuwa laini kama kitambaa. Hilo naliandika sasa. Siku ile sikulisema.

Siku ile niliinyanyua juu kwa vidole viwili. Nikasema, "Huyu anakuja kuzaa au anapeleka ngozi mnadani?"

Benchi zima likacheka. Mmoja akasema, "Muulize na mbuzi yuko wapi, tuchome." Wakacheka tena.

Mayu Ngolo alikuwa amesimama pembeni. Akasema kwa upole, "Mayu, mume wake alibebwa kwa ngozi ya namna hiyo."

"Na kibuyu hiki?"

"Ni safi. Nimekichemsha."

Nikamwambia Kwandu, siyo mama mkwe, "Beseni hakuna, kanga ni moja. Usinirudie hapa mpaka kifurushi kikamilike."

Kwandu alikunja vitu vyake polepole. Ngozi aliiweka chini tena, mahali ilipokuwa. Akasema, "Ndiyo mayu." Wakaondoka.

Mimi nilimaanisha kliniki ya wiki inayofuata. Yeyote mwenye akili angejua hivyo, ndivyo nilivyojiambia baadaye kwa miaka mingi. Lakini mtu aliyeaibishwa hasikii ulichomaanisha. Anasikia ulichosema.

Hawakuja wiki iliyofuata, wala ile nyingine. Sikuuliza. Ulikuwa msimu wa kuvuna, nilidhani wako shamba. Walikuwa shamba kweli. Walikuwa wanavuna pamba ya watu kwa kibarua ili wapate kanga.

Siku walipokuja ilikuwa siku ya mnada, saa nane mchana, jua kali. Nilisikia mkokoteni wa ng'ombe nje. Nikatoka nikijifuta mikono. Kwandu alikuwa amelala kwenye mkokoteni juu ya majani, amekumbatia kitu kwenye kanga mpya ambayo haijafuliwa bado, bado ina ile gundi ya dukani. Muuguzi aliyekuwapo wakati ule akaruka juu ya mkokoteni. Alifunua kanga, akaangalia, akajaribu kumpulizia mtoto na kumsugua mgongo. Alijaribu muda mrefu. Alikuwa mtoto wa kiume, mkubwa, hana kasoro yoyote niliyoiona. Alizaliwa njiani, alikaa sana njiani, hakulia.

Wakati muuguzi anahangaika na Kwandu asipoteze damu, Mayu Ngolo alinifuata mimi mlangoni. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkononi alikuwa na beseni la plastiki la kijani, bado lina karatasi ya dukani. Ndani yake alikuwa amepanga kila kitu. Aliliweka miguuni pangu, akachuchumaa.

"Vimetimia, mayu," akasema. "Angalia."

Sikuangalia. Akaanza kuvitoa yeye mwenyewe, kimoja kimoja, wembe, uzi, glovu, kipande cha pili cha ile kanga mpya. Alikuwa bado hajajua, au alikuwa anajua lakini mikono haijaambiwa. Nilimshika mikono nikamwambia aache.

Jioni muuguzi alikuwa anajaza rejista. Kuna mahali pa kuandika sababu ya kuchelewa. Akaniuliza, "Mayu Holo, hawa kwa nini walichelewa?"

Nikasema, "Wanakaa mbali."

Akaandika: umbali. Rejista ile nadhani bado iko stoo. Ni uongo wangu, umo humo kwa wino wa serikali.

Mtoto ambaye hakulia kwetu hawekewi matanga. Akina mama walimzika wenyewe pembeni ya nyumba, bila wanaume. Siku ya tatu nilikwenda. Nilijiandaa njia nzima kutukanwa. Nilitaka kutukanwa. Mayu Ngolo akanikuta kwenye ua, akanisalimu vizuri, mwangaluka mayu, akanipa kigoda na maji ya kunywa. Kwandu alikuwa ndani, hakutoka. Mama mkwe akanieleza yote bila mimi kuuliza, na ndiyo sababu nayajua.

Uchungu ulianza asubuhi wakiwa shambani kwa watu. Yeye alisema waende zahanati palepale. Kwandu akakataa. Akasema beseni bado. Mama mkwe akamwambia tutaazima njiani, Kwandu akajibu, "Mama, unataka yule mayu anianike tena?" Basi Mayu Ngolo akamwacha kwa jirani, akakamata jogoo nyumbani, akaenda mnadani kwa miguu kumuuza na kununua beseni. Jogoo hakupata mnunuzi haraka. Aliporudi jua lilikuwa kichwani. Ndipo wakaazima mkokoteni.

"Mimi ndiye niliyechelewa," akaniambia. "Miguu yangu ni ya kizee. Ningeondoka mapema zaidi, au ningemtoa yule jogoo kwa bei ya kwanza. Wewe ulitufundisha vizuri mayu. Makosa ni ya kwetu."

Nilikuwa na nafasi hapo. Ninyi mnaosoma mnaiona. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake nimeshika kikombe chake. Nilisema, "Mungu ndiye anayejua, mayu." Nikanywa maji. Nikaondoka.

Kesho yake nilirudisha vifurushi nyuma ya pazia. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nilianza kuuliza "nyumbani una nini?" kama Mama Yustina, na sauti yangu mwenyewe ilinishangaza. Vitu vinavyosalia kwa waliojifungua salama, kanga wasizozihitaji, beseni, niliviomba nikaviweka stoo kwa ajili ya wanaokuja mikono mitupu. Mmeviona, viko kwenye sanduku la bati. Watu walisema Mayu Holo amekuwa mpole siku hizi, uzee. Haukuwa uzee. Na mengine sikubadilika, bado niliwagombeza wanaokuja na kadi imelowa na wanaume wanaosubiri nje wakicheza bao kana kwamba mke ameenda kisimani.

Kibuyu nacho nilikuja kumuuliza muuguzi mmoja, kikichemshwa kinafaa? Akasema kinafaa tu, shida iko wapi. Nilikaa na jibu hilo wiki nzima.

Kwandu alizaa tena, watatu, wote hai. Hakuwahi kuzalia hapa. Alikuwa anatembea mpaka zahanati ya kata nyingine, mara mbili ya njia ya kuja kwetu, anapita mbele ya mlango wetu na tumbo lake na kifurushi kichwani. Nilikuwa namwona. Yeye pia alikuwa ananiona. Alinisalimu kila mara, maana ana adabu.

Mwaka huu nimestaafu. Mlinipikia wali na nyama, mkanipa kanga, mkasema maneno mazuri, nami nilikaa pale kwenye kiti kama mwizi aliyepewa zawadi. Wiki mbili baadaye nikaenda kwa Kwandu. Nilimkuta uani anachambua pamba, anatoa majani makavu. Nikasalimu, nikakaa chini bila kukaribishwa.

Nikamwambia, "Kwandu, mwaka ule nilikosa. Sikumaanisha usije kuzaa. Ungekuja bila chochote ningekupokea. Nilikuaibisha, na mtoto alikufa kwa hiyo."

Aliendelea kuchambua. Nilidhani hakusikia. Kisha akasema, "Mimi najua, mayu. Nilijua siku ileile. Usiniambie mimi."

"Nimwambie nani?"

Akaonyesha kwa kidevu nyumba ndogo. "Mama. Mpaka leo anaamini ni yeye. Siku ya mnada haendi sokoni. Amezeeka macho yameisha, lakini siku ya mnada anaijua kwa kelele za ng'ombe barabarani, na siku hiyo hali chakula. Mimi nimemwambia mara ngapi. Anasema unanituliza tu kwa sababu unanipenda. Akisikia kwako ataamini."

Niliwahi kushika kichwa cha mtoto kilichokwama, niliwahi kufunga maiti nyingi. Hakuna mlango ulionishinda kuingia kama ule.

Mayu Ngolo alikuwa amekaa kitandani. Akanijua kwa sauti. Akafurahi. "Ni yule mayu wetu wa usafi," akasema. Nikamshika mkono nikamweleza yote, polepole, pamoja na maneno niliyosema benchini, pamoja na neno nililompa muuguzi aandike. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Kwa hiyo asubuhi ile tungekuja kama tulivyokuwa, mngetupokea?"

"Tungewapokea, mayu."

"Bila beseni."

"Bila beseni."

Akavuta mkono wake, taratibu, akauweka mapajani. "Basi mnadani nilikwenda bure," akasema.

Aliniomba nitoke, siyo kwa hasira, alisema anataka kukaa mwenyewe kidogo. Nikatoka. Kwandu alikuwa amesimama karibu na mlango, alikuwa amesikia. Aliingia ndani kwa mama yake na kufunga mlango, na mimi nikashika njia.

Ninyi mlioingia kazini sasa, karatasi ya ukutani iacheni, inasaidia. Lakini mwanamke akija, mpokeeni kwanza, alichobeba mtakiangalia baadaye. Hilo ndilo nililolijua baada ya miaka yote, na mtu mmoja alishanifundisha tangu mwanzo nikaona ananichelewesha.